Mali Bila Daftari: Kazi ya Somo la Historia katika Chuo cha Makumira na Kumbukumbu za Sharika Zetu

Utangulizi

Katika sura ya nne ya kitabu cha Yoshua tunasoma jinsi wana wa Israeli, walipokwisha kuvuka Yordani, walivyoagizwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha huko Gilgali. Sababu ya agizo hilo yaelezwa wazi: siku moja watoto watauliza maana ya mawe yale, na wazazi watapaswa kuwa na jibu. Yafaa tuangalie kwamba mawe yenyewe hayakupewa kazi ya kusema. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize, na kazi ya kujibu ilibaki kwa watu. Kama hakuna aliyebaki ambaye ajua kilichotokea, mawe kumi na mawili ni kokoto tu za mtoni.

Usharika unapotimiza miaka mia moja huwa na mawe mengi ya namna hiyo: jiwe la msingi, kengele, picha iliyofifia ukutani, vitabu vya ubatizo vilivyochakaa pembeni, na makaburi yenye majina yasiyosomeka vizuri. Swali linaloletwa na makala haya ni hili: ni nani anayefundishwa kuyaeleza mawe hayo, na hufundishwaje? Kwa Walutheri wa Tanzania, sehemu kubwa ya jibu inapatikana Makumira, katika chuo ambacho vizazi kadhaa vya wachungaji wetu walijifunza theolojia, na pamoja nayo Historia ya Kanisa. Tutaitazama kazi ya somo hilo, kisha tutaileta kazi hiyo hapa kwetu Ugogo, ili washarika wa Kizota na wageni wetu wa Dayosisi tupime pamoja ni nini kilichokwisha kuokolewa na ni nini kilicho karibu kupotea.

Chuo kilivyoanza

Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, Mlalo, katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 kilihamishiwa Makumira, karibu na Usa River, kwenye barabara ya Arusha na Moshi. Kuanza kwake kulitokana na hitaji lililojitokeza kwa uchungu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kwa mara ya pili katika muda wa miaka ishirini na mitano sharika nyingi zilijikuta mikononi mwa wachungaji wachache Waafrika, wainjilisti, walimu wa shule na wazee wa Kanisa. Watu hao walilishika Kanisa. Ilionekana basi kwamba Kanisa lililokwisha kujiongoza wakati wa shida lahitaji watumishi waliosomeshwa kwa kiwango cha kutosha, tena waliosomeshwa pamoja, ingawa walitoka katika misheni zilizokuwa na desturi tofauti.

Jambo hilo la kusomeshwa pamoja lilikuwa na uzito wa pekee kwa somo la historia. Mwanafunzi kutoka Bukoba alikuja na masimulizi ya wamisionari wa Bethel waliofika kwao mwaka 1910, na zaidi ya hayo masimulizi ya Wahaya walioijua Injili Uganda na kuirudisha nyumbani kabla mmisionari Mjerumani hajafika. Aliyetoka Kilimanjaro alijua habari za Leipzig kuanzia 1893. Wa nyanda za juu kusini alijua habari za misheni ya Berlin ya 1891, na wa Pwani alihesabu tangu Kigamboni mwaka 1887. Singida na Iramba walikumbuka Wajerumani wa Leipzig na baadaye Wamarekani wa Augustana. Kabla makanisa saba hayajaungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, vijana hawa walikuwa wamekwisha kuketi darasa moja na kugundua kwamba kila mmoja alikuwa na kipande tu cha habari nzima.

Mwaka 1968 chuoni hapo lilianzishwa jarida la theolojia la Afrika, ambalo lilitoa nafasi kwa waandishi wa bara hili kuchapisha utafiti wao, na historia ya Kanisa ikiwamo. Mwaka 1997 Makumira ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, na baadaye kikawa chuo kikuu chenye jina lake, Tumaini Makumira, chenye masomo mengi zaidi ya theolojia. Hata hivyo somo la Historia ya Kanisa limeendelea kuwa miongoni mwa nguzo za mafunzo ya mchungaji.

Desturi ya kale ya Kilutheri

Wapo wanaoweza kuuliza kwa nini mchungaji apoteze saa nyingi kwa mambo ya kale, wakati wagonjwa wanasubiri kutembelewa na vijana wanasubiri kipaimara. Jibu moja ni kwamba Walutheri wamekuwa watu wa historia tangu mwanzo. Kati ya mwaka 1559 na 1574 kundi la wasomi lililoongozwa na Matthias Flacius, mzaliwa wa pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia, lilitoa historia kubwa ya Kanisa katika majuzuu kumi na matatu. Waliigawa kazi yao kwa karne, kila juzuu na miaka yake mia moja, na kwa sababu hiyo yajulikana kama Karne za Magdeburg. Twaweza kusema kwamba kupima maisha ya Kanisa kwa miaka mia ni desturi tuliyoirithi kutoka huko.

Wasomi wale waliandika ili kushinda mabishano na Roma. Wakatoliki nao wakajibu kwa kazi kubwa ya Cesare Baronio, iliyoanza kutoka mwaka 1588. Lakini mabishano hayo yalizaa tunda ambalo pande zote mbili hazikulipanga. Kila upande ulilazimika kutafuta hati za kweli, kuzilinganisha na kuzikataa zile za uongo, kwa maana mpinzani alikuwa tayari kufichua kosa lolote. Kutoka hapo ilijengwa kanuni inayofundishwa Makumira hata leo: anayedai jambo kuhusu wakati uliopita sharti aonyeshe amelipata wapi.

Kazi ya darasani na kazi ya uwandani

Mwanafunzi wa theolojia huanza na Kanisa la kale, mababa wa Afrika ya Kaskazini, Ethiopia na Nubia, Matengenezo ya karne ya 16, kisha misheni ya karne ya 19 na Kanisa la Afrika ya Mashariki. Sehemu ya mwisho ndiyo inayomgusa zaidi, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu vitabu vyake havijatosha. Hapo mwanafunzi huacha kuwa msomaji tu na kuwa mtafutaji.

Njia kuu ya kazi hiyo ni utafiti wa kuhitimu. Wengi wa wanafunzi, kwa miaka mingi, wamechagua kuandika juu ya nyumbani kwao: jinsi Injili ilivyofika katika tarafa fulani, maisha ya mwinjilisti fulani, mgongano wa Ukristo na jando, uamsho, au kukua kwa jimbo. Tasnifu hizo hubaki katika maktaba ya chuo. Nyingi ni nyembamba, na baadhi zilipigwa chapa kwa mashine yenye utepe uliokwisha wino, lakini wanahistoria wa ndani na wa nje wamezitumia katika vitabu vyao, kwa sababu ndani yake mna sauti za wazee waliohojiwa na mtu wa kwao, kwa lugha yao wenyewe.

Makumira haikuwa peke yake katika njia hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa makwao katika mikoa ya kusini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee walioishuhudia vita walikuwa wamebaki wachache, na laiti kazi hiyo ingeahirishwa miaka kumi, habari nyingi zingezikwa pamoja nao. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare kwa kutegemea sana masimulizi ya wazee, alionyesha kwamba jamii isiyokuwa na maandishi ina kumbukumbu zinazoweza kupimwa na kuaminiwa. Baadaye, mwaka 1999, yeye na Thomas Spear walihariri kitabu juu ya Ukristo wa Afrika ya Mashariki, ambacho kinaeleza jinsi waumini wenyewe walivyoipokea Injili na kuifanya kuwa yao.

Kwa upande wa Kanisa letu, Askofu Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa profesa wa historia kabla ya kuwa askofu wa kwanza wa Bukoba mwaka 1961, pamoja na Askofu Josiah Kibira aliyemfuata mwaka 1964 na kuchaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, waliandika vitabu juu ya Kanisa la Bukoba. Kwa kazi yao twamjua Andrea Kajerero, aliyewaongoza Wakristo wa Kihaya katika miaka migumu baada ya Vita vya Kwanza. Akina Kajerero wako katika kila dayosisi. Tofauti ni kwamba wengi wao hawakupata wa kuwaandika.

Mfano wa Akeri

Si mbali na Makumira kuna mahali paitwapo Akeri, ambapo mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kwa mwanafunzi wa historia, Akeri ni darasa lililo karibu na mlango.

Anayesoma taarifa za misheni hukuta habari za mashahidi wawili vijana waliokuja kwa amani wakauawa usiku. Anayeketi na wazee wa Kimeru na Kiarusha husikia habari za jeshi la Kapteni Johannes lililokuwa limepiga kambi karibu, za wageni ambao hakuna aliyeweza kuwatenga na bunduki zile, na za kisasi kilichofuata: watu wengi kuuawa, ng'ombe kuchukuliwa na migomba kukatwa. Misheni ilirudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga.

Mwalimu mwema hamwachi mwanafunzi achague habari moja na kuitupa nyingine. Humwuliza: kila msimulizi alikuwa amesimama wapi? Alikuwa ameona nini, na nini hakuweza kukiona? Hapo mwanafunzi hutambua kwamba vijana wale wawili walikuwa na nia njema kweli, na kwamba wenyeji walikuwa na sababu ya kuogopa kweli. Hutambua pia kwamba kuna watu wa tatu katika habari hii, wale Wachaga waliokufa pamoja nao, ambao hawatajwi mara nyingi kama wanavyotajwa wale wawili. Mchungaji aliyejifunza kuisoma Akeri namna hiyo huenda akawa mwamuzi bora hata wa ugomvi wa mipaka ya shamba usharikani kwake.

Kalenda ya wazee wa Ugogo

Sasa tuje nyumbani. Mtafiti anayefika kwa mzee wa Kigogo, akaitikiwa salamu yake ya Mbukwenyi na kupewa kigoda, hukutana mara moja na tatizo la tarehe. Mzee hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Akiulizwa alizaliwa mwaka gani, hujibu kwa tukio. Kazi ya mtafiti ni kuyajua matukio hayo na miaka yake, kama baharia ajuavyo nyota.

Kubwa kuliko yote kwa wazee wa zamani lilikuwa Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo kwa ajili ya vita, na mvua zilipokosekana watu hawakuwa na akiba. Wanahistoria hukadiria kwamba Wagogo wapatao 30,000 walikufa katika jumla ya 150,000. Familia nzima zilitawanyika, na watoto waliwekwa kwa watu waliokuwa na chakula. Kwa hiyo mzee aliyesema kwamba mama yake aliolewa baada ya Mtunya alikuwa ametaja mwaka kwa usahihi unaotosha, na pengine alikuwa ameeleza pia kwa nini mama huyo aliolewa mbali na kwao.

Kabla ya Mtunya kuna kufika kwa wamisionari wa Kianglikana Mpwapwa tangu 1876, na kufika kwa reli Dodoma mwaka 1910. Baada yake kuna mpango wa karanga wa Kongwa wa 1947 hadi 1951, Uhuru wa 1961, Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Vijana watakaohojiwa miaka hamsini ijayo nao watasema walizaliwa kabla au baada ya Serikali kuhamia Dodoma, uhamisho uliotangazwa mwaka 2016 na kufuatiwa na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018.

Kalenda hii ina maana kubwa kwa historia ya Walutheri wa hapa. Ugogo ulikuwa eneo la Waanglikana na Wakatoliki tangu zama za mgawanyo wa misheni. Walutheri wengi walifika kwa njia ya kazi: reli, ualimu, uuguzi, biashara, jeshi, ofisi za Serikali. Walifika na vyeti vyao vya usharika kutoka Iramba, Machame, Usambara, Njombe na Bukoba. Historia yao haiwezi kupatikana kwa kusoma taarifa za wamisionari peke yake. Lazima aulizwe mtu: ulikuja mwaka gani, ulipanga wapi, Jumapili ya kwanza uliabudu na nani, na wimbo uliimbwa kwa lugha gani? Kizota yenyewe, pamoja na maghala yake ya nafaka na ukumbi uliowapokea wajumbe wa chama tawala kutoka nchi nzima, ni mahali ambapo watu wa kila pembe wamekutana. Usharika wa mahali kama hapa una historia nyingi ndani ya moja.

Majirani zetu katika kazi hii

Tusisahau kwamba Dodoma ina watu wake waliotangulia katika kuandika. Mathias Mnyampala, mshairi na mwenyeji wa mkoa huu, alitoa mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, na hadi leo hakuna mtafiti wa Ugogo anayeweza kukipita bila kukisoma. Mwalimu Ernest Kongola, baada ya kustaafu, alizikusanya nasaba na habari za koo za Ugogo, akazipiga chapa na kuzigawa kwa wenyewe. Mwanahistoria Gregory Maddox aliyekitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza alishirikiana na Mwalimu Kongola, na mwaka 2006 kikatoka kitabu chao juu ya namna watu wa Tanzania ya kati wanavyotengeneza historia yao. Hapa twaona mwalimu mstaafu asiye na cheo cha chuo kikuu akiheshimiwa na msomi wa ng'ambo kama mwenzake katika kazi.

Ndugu zetu Waanglikana wana vyuo vyao vya theolojia Kongwa na Msalato, na tangu 2007 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kiko hapa Dodoma, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Mwita Akiri, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1999 huko Edinburgh juu ya wenyeji walioeneza Ukristo Ugogo na Ukaguru kati ya 1876 na 1933. Hoja yake kuu yatuhusu sote: waliopeleka Injili kijiji kwa kijiji walikuwa walimu na wainjilisti Waafrika, wanawake kwa wanaume, ingawa taarifa zilizotumwa Ulaya ziliwataja kwa uchache.

Upo pia mradi wa kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1995 nchini Marekani na kuwekwa katika intaneti, ambapo wanafunzi na walimu wa vyuo vya Afrika hutuma habari za maisha ya waumini wa kwao. Hii ni nafasi iliyo wazi. Wasifu wa mwinjilisti wa kijijini, ukiandikwa kwa uaminifu na kuthibitishwa, huweza kusomwa na mtu aliye Accra au Seoul.

Nyaraka zetu ziko wapi

Mwanafunzi wa historia hufundishwa pia kujua mahali hati zilipo, na jibu mara nyingi ni la kusikitisha. Nyaraka za Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani. Za Bethel ziko Wuppertal, na za misheni ya Berlin ziko Berlin. Za Augustana ziko katika hifadhi ya Kanisa la Kilutheri la Marekani, karibu na Chicago. Picha nyingi za Leipzig zimewekwa katika intaneti na chuo kikuu kimoja cha California, na mtu mwenye simu anaweza leo kuiona sura ya babu wa babu yake, ingawa chini ya picha pameandikwa tu kwamba ni mwalimu pamoja na mkewe.

Hati zilizobaki kwetu ni zile ambazo hakuna mmisionari aliyeziandika: vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, mihtasari ya Baraza la Wazee, daftari za sadaka, barua za uhamisho. Wengi huziona kuwa karatasi za ofisi. Mwanahistoria huziona kuwa hazina. Kitabu cha ubatizo huonyesha ni mwaka gani wazazi walianza kuwapa watoto majina ya Kigogo pamoja na ya Biblia, ni kijiji gani kilileta watu wengi baada ya ukame, ni nani aliyekuwa mdhamini wa watoto ishirini. Daftari la sadaka huonyesha mwaka wa njaa kwa safu ya namba zinazoshuka, na mnada wa kuku na mtama baada ya ibada huonyesha ni kwa mali gani nyumba ya Mungu ilijengwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu daftari lenyewe ndilo mali, na adui zake ni mchwa, uvujaji wa paa, na uhamisho wa mchungaji usio na makabidhiano ya maandishi. Ulinzi wake hauhitaji fedha nyingi. Sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, orodha ya vitabu vilivyomo, picha ya kila ukurasa iliyohifadhiwa mahali pawili, na saini mbili siku ya makabidhiano, vyatosha kuokoa miaka mia.

Wasioandikwa, na yale tusiyopenda kuandika

Mambo mawili humpima mwandishi wa historia ya usharika kuliko mengine yote.

La kwanza ni wale walioachwa. Katika taarifa nyingi za zamani mwanamke hutajwa kama mke wa fulani. Lakini ukiuliza ni nani aliyesomba maji ya kujengea, aliyepika siku ya jiwe la msingi, aliyewafundisha watoto nyimbo chini ya mti, na aliyemkalisha mwinjilisti mgeni nyumbani kwake miezi mitatu, majibu huja na majina ya kina mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanisa letu lilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, hatua hiyo ilionekana kwa wengine kuwa mpya kabisa. Aliyezijua habari za akina mama hao aliiona kuwa utambuzi uliochelewa wa kazi iliyokuwa ikifanyika. Kwa sababu hiyo mtafiti hushauriwa awahoji kina mama peke yao, mbali na waume na wana wao, na kwa lugha waliyoizoea.

La pili ni magomvi. Kati ya mwaka 1990 na 1993, kandokando ya Makumira penyewe, Walutheri wa Meru waligawanyika vikali juu ya kuwa na dayosisi yao. Nyumba zilichomwa na watu walipoteza maisha. Mwishowe Dayosisi ya Meru iliundwa, na kundi jingine likajitenga na kuanza kanisa lake. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wasomi wa nje katika vitabu vinavyosomwa duniani kote. Kama sisi tutayanyamazia katika vitabu vyetu vya ukumbusho, wajukuu watayasoma kwa wageni na kujiuliza kwa nini wazee wao walificha.

Haina maana kwamba kila ugomvi wa kwaya upewe ukurasa. Mwandishi huandika kwa kiasi, hamwaibishi marehemu mbele ya watoto wake, na huwapa pande zote nafasi ya kusema. Lakini historia isiyo na mwaka hata mmoja wa shida haiaminiki, nayo huwanyima wanaokuja mbele faraja ya kujua kwamba waliotangulia nao walianguka na kuinuka. Maandiko hayakumficha Daudi wala Petro.

Kazi iliyo mbele yetu

Somo la historia la Makumira huwapeleka wachungaji sharikani wakiwa na vifaa: kuuliza, kulinganisha, kuhifadhi na kuandika kwa haki. Lakini mchungaji mmoja huhudumu mitaa mingi na huhamishwa baada ya miaka michache. Kumbukumbu za mahali hubaki kwa wenyeji. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yanayoweza kuanza kabla mwaka huu wa shukrani haujamalizika.

Kwanza, kila mtaa uteue watu wawili, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wa kuwatembelea wazee waliovuka miaka sabini na kurekodi masimulizi yao kwa ruhusa yao. Jina, mahali, tarehe na lugha viandikwe mwanzoni mwa kila rekodi. Pili, jambo lolote kubwa lithibitishwe na mashahidi watatu wasiotoka nyumba moja, na pale wanapotofautiana, tofauti ihifadhiwe kama ilivyo. Tatu, vitabu vya usharika vipigwe picha vyote na nakala ipelekwe Dayosisi. Nne, kijana wetu anayekwenda kusoma theolojia au ualimu wa historia aombwe aandike utafiti wake juu ya nyumbani, na usharika umsaidie nauli, ukimdai nakala moja ya kazi hiyo. Tano, picha za nyumbani zenye watu wasiojulikana ziletwe kanisani baada ya ibada, ili walio hai waandike majina nyuma yake kabla hawajaondoka wao nao.

Kati ya hayo matano, la kwanza ndilo lisiloweza kungoja. Kitabu kilichohifadhiwa kitasomwa mwakani kama kinavyosomwa leo, na nyaraka za Halle hazitahama. Mzee aliyemsikia mama yake akisimulia Mtunya, au bibi aliyekuja Dodoma kwa garimoshi akiwa na mtoto mgongoni na cheti cha usharika kilichofungwa kwenye upindo wa kanga, hawezi kuwekwa katika sanduku la bati. Atembelewe Jumapili hii, apewe kiti kizuri kivulini, na aulizwe kwa adabu. Wakati bado anaweza kutujibu, mawe yetu yana msimulizi.